Barua ya babu nimeisoma neno kwa neno, kumbe sikuisoma

MwanaKuze (mwanzilishi wa uzi)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote wa jukwaani. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka na apite, mwenye kahawa na aketi.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa tukihamisha vitu nyumbani kwa shangazi yangu, mtaa wa Kuze hapa Mombasa. Paa lavuja, na fundi ametaka chumba kiwe kitupu. Chini ya kitanda kukatoka sanduku la mbao, na ndani yake leso kuukuu, vipande vya udi vilivyokwisha harufu, na bahasha moja. Katika bahasha mna barua ya babu, babake shangazi, aliyoiandika Lamu miaka michache kabla ya uhuru. Babu alikuwa baharia wa jahazi. Walipanda na upepo wa kusi, wakawa wangoja kaskazi iingie ndipo washuke tena Mombasa. Barua ni ukurasa mmoja na nusu, Kiswahili kitupu, ila imeandikwa kwa herufi za Kiarabu kama walivyoandika wazee wetu.

Mimi nikatoa kifua mbele. Nimekwenda chuoni miaka sita, msahafu nimekhitimu mara mbili, maalim kanichapa kwa kila herufi niliyoitamka vibaya. Shangazi macho yake yameingia mtoto wa jicho, hasomi tena. Nikamwambia, keti nikusomee.

Salamu zikateleza kama maji. Nikasoma afya, nikasoma upepo, nikasoma salamu za watu waliokwisha kufa kabla sijazaliwa. Kisha nikafika pahali, nikasoma "nimepata bibi". Nikanyamaa.

Hebu fikirieni. Nimeketi mkekani mbele ya mwanamke aliyepita miaka themanini, nina habari mkononi kwamba babake alimuolea mamake mke mwenza huko Lamu, na aila nzima haijui.

"Mbona umenyamaa?"

Nikamsomea hivyo hivyo. Uso wake haukubadilika. "Endelea." Nikaendelea, neno lililofuata likanitoka "bili". Bibi bili. Shangazi akacheka mpaka akashikwa na kikohozi.

"Mke hahisabiwi *mbili*, mwanangu. Angekuwa mke angesema wawili. Hizo ni pembe. Pembe mbili. Mama alimuagizia pembe za vugo, mdogo wake alikuwa karibu kuolewa."

Kwa ndugu zetu wa bara: vugo ni pembe wanazozigonga wanawake kwa vijiti harusini, wakiimba. Na kwa wasiojua uandishi ule wa zamani: ile *ba* ya Kiarabu, yenye nukta moja chini, wazee wengi waliitumia kwa *b*, kwa *p* na kwa *mb* vilevile. Alama ya kasra ikasimama badala ya *i* na badala ya *e*. Kwa hivyo bibi, pepe na pembe zote zaandikwa sawasawa, hakuna hata chembe ya tofauti. Aliyeandika ajua alitaka nini. Msomaji shauri yake.

Sasa kinachonikosesha usingizi ni hiki. Chuoni tulisoma Kur'ani kwa sauti barabara, kila irabu mahali pake, na maana hatukuwa nayo hata kidogo. Tuliambiwa maana itakuja. Katika barua hii mambo yamepinduka: bila maana hupati hata sauti. Yataka uwe umekwisha kuelewa ndipo uweze kusoma. Mimi niliyeziona herufi nimesoma upuuzi, na yeye asiyeona kitu ndiye aliyesoma barua, kwa sababu pembe alizijua kabla hazijaandikwa. Alikuwapo zilipoagizwa.

Tangu siku hiyo hata lile neno *andika* nalitazama kwa jicho jingine. Nyumbani kwetu twaandika meza, twaandika chakula, yaani twapanga vyombo. Basi mwenye kuandika barua naye huenda amepanga sahani tu. Wali wauleta wewe.

Nauliza: kusoma hasa ni kupi? Nao mlio na barua za namna hii masandukuni mwenu, mwazisomaje?

(Kuna neno jingine, karibu na mwisho wa barua hiyo hiyo, ambalo limezua ubishi nyumbani. Hilo nitalileta nikipata ruhusa ya wakubwa.)

---

Bara_Mpwani

Pole sana kwa bibi wa pili. Wazee wetu walikuwa na siri. Je, huko Lamu mna mamdogo na ami wengine wa kudai urithi?

---

LesoMbili

@Bara_Mpwani 😂😂😂 Rudi juu usome.

---

HoriLaTudor

Ahsante kwa uzi. Mimi naona tatizo lako ni la hati, si la kusoma. Hati ya Kiarabu ina irabu tatu, Kiswahili kina tano. Kiarabu hakina *p*, *v*, *ch* wala *ng'*. Ukiliazima joho la mtu, mikono itapwaya. Ndiyo maana wasomi wa hapa hapa Mombasa walihangaika kulishona upya. Mu'allim Sikujua katika karne ya 19 aliongeza alama ili kila sauti ya Kimvita, Kiswahili cha hapa Mombasa, ipate herufi yake. Baadaye Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, yule aliyeanza kutoa karatasi yake ya *Sahifa* mwaka 1930, naye aliishughulikia kazi hiyo. Nukta tatu chini ya *ba* ukapata *p*. Nukta tatu juu ya *fa* ukapata *v*. Babu yako hakuzifuata, basi.

Leo tuna hati ya Kilatini, irabu tano kamili, kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa. Mchezo umekwisha.

---

MwanaKuze

@HoriLaTudor haujakwisha. Nisomee hili: *barabara*. Ni njia ya magari au ni sawasawa? Sauti yapanda pawili tofauti na hati haionyeshi. Hata katika posti yangu ya kwanza nimelitumia, na nyote mmelisoma vizuri bila kuulizana. Ni nani aliyewaambia?

Na *kaa*? Shangazi akitaja kaa wa pwani hutoa pumzi baada ya *k*. Akitaja kaa la moto hatoi. Masikio yake hayachanganyi hata siku moja. Kitabuni ni k-a-a zote mbili. *Paa* wa porini na *paa* la nyumba ni mambo hayo hayo.

---

HoriLaTudor

Hapo umenipata, na nina la kuongeza juu yake. Mkutano ulioamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mwaka 1928, na ulifanyika wapi? Mombasa! Kimvita kilihukumiwa nyumbani kwao. Zile *t* mbili za wazee wetu, ile ya kwenye meno na ile ya nyuma yake, na pumzi ya *kaa* wa baharini, hazikupewa herufi. Kwa hivyo hata hili la Kilatini ni joho la kuazima, ila tumelivaa tangu utotoni hatuhisi linapobana.

Na mambo ya Muyaka bin Haji ndiyo hayo hayo. Alifariki 1840. Mashairi yake Mu'allim Sikujua aliyakusanya kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akayaandika, yakapitia kwa mmishonari Taylor, kitabu kikaja kuchapishwa 1940. Kilichoandikwa ni kile kilichokuwa kimebaki vichwani mwa watu. Leo twakisoma kitabu, tukikwama twarudi kumuuliza mzee. Yaani tunarudi kichwani tena.

---

UstadhWaMajengo

Wa aleikum salaam. Nimesoma mpaka hapa na nina neno kwa mwenye uzi. Usiufanye mdogo usomaji wa chuoni. Kila herufi ya Kitabu ina thawabu kumi, mwenye kuisoma hapati hasara hata kama maana hajaifikia. Na neno lenyewe ni *kuhifadhi*. Mwana hapewi Kur'ani aielewe akiwa na miaka saba. Anapewa aihifadhi, kama unavyompa mtu amana. Amana huifungui siku unayokabidhiwa.

Wewe leo umeweza kuifungua barua ya babu yako kwa kuwa kuna maalim aliyekutia herufi hizo kichwani bila kukuuliza kama umeelewa. Ungengoja uelewe kwanza, ungekuwa umelishika karatasi hilo juu chini.

---

MwanaKuze

Ustadh, hilo la amana nalikubali kwa mikono miwili. Sikukusudia kubeza. Bakora tu ndizo bado sijazielewa.

---

MwalimuWaFeri

Nafundisha Kiswahili darasa la sita, ng'ambo ya Likoni. Nitawapa ushahidi kutoka darasani kwangu na mtanisamehe kwa urefu.

Hati yetu ni rahisi mno. Mtoto akishajua ba be bi bo bu, ndani ya mwaka mmoja atakusomea chochote, hata gazeti. Mzazi akimsikia husema huyu kasoma. Nami nilikuwa nikidhani hivyo hivyo, na alama za ufahamu zilikuwa nzuri.

Siku moja nilikuwa nimechoka, nikaandika ubaoni kifungu nilichokitunga papo hapo, maneno yasiyokuwapo duniani:

*Mzee Bangu alikizota kitefu lufani. Kitefu kilipozoteka, majuno yote yalivika.*

Nikauliza maswali. Nani alikizota kitefu? "Mzee Bangu." Alikizotea wapi? "Lufani." Nini kilitokea kitefu kilipozoteka? "Majuno yote yalivika, mwalimu!" Mikono juu darasa zima. Kumi kwa kumi. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kitefu ni nini.

Nikawauliza mimi: kitefu ni mnyama? Msichana mmoja wa nyuma akasema, "Sio mnyama, mwalimu, kingekuwa mnyama ungesema *alimzota*." Nilikaa chini. Mtoto hajui kitefu, lakini ngeli imemwambia kwamba hakina roho. Ndiyo hiyo "mke hahisabiwi mbili" ya shangazi yako. Lugha yenyewe inaelewa kabla yetu, inatubeba mgongoni, na sisi tunadhani tunatembea.

Tangu siku hiyo alama za ufahamu naziangalia kwa shaka. Nikisahihisha, mtoto aliyenakili sentensi nzima kutoka kifunguni simwamini. Aliyejibu kwa maneno yake na akakosea kidogo, huyo namwamini. Ila mtihani hauko upande wangu.

---

DawaZaMtaa

Mwalimu umenikumbusha kazini. Mimi nauza dawa, si lazima niseme wapi. Kwenye bahasha ya dawa huwa tunaandika *2x3*. Sisi tunasoma "mbili mara tatu", yaani vidonge viwili, asubuhi, mchana na usiku.

Kuna mzee alirudi baada ya siku chache, kikohozi palepale, akalalamika kwamba dawa ni feki. Nikamuuliza amekunywaje. Akatoa bahasha mfukoni, imekunjwa vizuri, akanionyesha kwa kidole: "Si mmeandika? Viwili kwa siku, siku tatu. Nilimaliza siku zangu nikaacha." Vidonge vingine vyote vimo ndani.

Mzee huyo si mjinga, alikuwa karani zamani. Alisoma kilichoandikwa. Ukitazama bila kuambiwa, kuna nini pale kinachosema asubuhi, mchana, jioni? Hakuna. Kiko kichwani kwangu mimi nilieandika. Siku hizi simwachi mgonjwa aondoke mpaka aniambie yeye: utakunywaje? Wengine huona nawadharau.

---

Bara_Mpwani

Sawa nimerudi, nimesoma yote, naomba radhi kwa babu 😅

Nitalipa faini kwa mfano. Nilipokuja Mombasa mara ya kwanza nilialikwa harusi, kadi imeandikwa *saa 10*. Nikafika asubuhi kumekucha vizuri, nimevaa suti, nikakuta vijana wanafunga turubali na sufuria za pilau hazijatiwa moto. Nikapewa kisu nikate vitunguu. Ilikuwa saa kumi ya jioni. Kadi nyingine za Nairobi zinamaanisha ile ya asubuhi, nyingine ya jioni, usipopiga simu shauri yako.

Na cha ajabu, saa ya ukutani ikionyesha 4 sisi wote tunasema kumi, bila hata kufikiri. Tunaona tarakimu moja, mdomo unatoa nyingine.

---

LesoMbili

Nyinyi mnazungumza barua na dawa, wanawake tumekaa kimya. Kisomo kikali hapa mjini ni cha leso, yaani khanga.

Mamangu hakwenda shule. Akienda Biashara Street kwa wale wa "Mali ya Abdulla", atazame pindo, atazame rangi, kisha amuulize muuzaji: jina lake nini? Asomewe jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu yake, ndipo aamue. Zamani majina yenyewe yaliandikwa kwa hizo hizo herufi za Kiarabu, baadaye yakawa ya Kilatini. Mamangu zote mbili hazisomi, na hakuna leso mtaani asiyoijua inasema nini na inamsema nani.

Siku moja alipendezwa na rangi, hakuuliza jina. Akaifunga, akatoka kibarazani. Leso ilikuwa imeandikwa *Japo sipati tamaa sikati*. Jirani yetu, ambaye mumewe alikuwa na maneno maneno, akaisoma. Miezi mitatu hatukuazimana hata chumvi. Mama hakuandika, hakusoma, hakukusudia. Jirani alielewa kila kitu! Mpaka leo ukimwambia yule jirani kwamba ilikuwa ni rangi tu, atakutazama hivi 🙄

Na nikiwa mkweli, hata mimi siamini sana kwamba ilikuwa rangi tu.

---

Kimya_Kimya

Uzi mrefu kama foleni ya feri. Muhtasari jamani.

---

HoriLaTudor

@Kimya_Kimya muhtasari: babu aliongeza bibi wa pili.

---

KaramuYaPosta

Huwa nasoma tu humu, leo nimeona niingie.

Mimi kwa miaka mingi nilikuwa na meza na taipureta karibu na Posta, Digo Road. Watu walikuja kuandikiwa: maombi ya kazi, mashtaka ya mipaka ya shamba, fomu, barua za nyumbani. Simu za mkononi zilipoingia barua za nyumbani zikafa, zikabaki fomu. Nazungumzia za nyumbani.

Nilipoanza nilikuwa kijana, nina Kiswahili cha shule, najivunia. Akaja mama mmoja, mumewe yuko kazini Nairobi. Akasema, mwandikie hivi: pesa hazijafika, mtoto ana upele, na mvua imeingia jikoni. Nikampangia barua nzuri sana. "Kwa mume wangu mpenzi, ni matumaini yangu kuwa waraka huu utakukuta katika hali ya buheri wa afya." Nikaweka "licha ya hayo", nikaweka "aidha". Akaniambia nisomee. Nikamsomea kwa sauti ya redio. Akanyamaza kidogo, akasema: "Mwanangu, hiyo ni barua nzuri, lakini si yangu mimi. Akiisoma atafikiri nimepata mwanamume." Nikachana, nikaandika upya: pesa hazijafika, mtoto ana upele, mvua imeingia jikoni. Akalipa, akaenda zake. Tangu hapo nikajua kazi yangu ni vidole.

Lakini niliyotaka kuieleza ni nyingine. Alikuwapo mzee mmoja akija kila baada ya miezi, amtumia barua nduguye, huko bara ya Kwale. Siku moja akaniambia: "Andika hivi. Yule ndege wetu amehama mti. Mti aliohamia una miba. Usilete mtama." Basi. Nikamuuliza, mzee, niweke maelezo kidogo? Akasema hapana, andika. Nikaandika. Sikujua ndege ni binti, ni ng'ombe au ni hela. Nikafunga, nikabandika stempu.

Ilipofika kule, nduguye naye hakujua kusoma. Haya nilikuja kuyajua baadaye, mzee mwenyewe ndiye aliyenieleza. Walimtafuta mtoto wa shule awasomee. Mtoto akasoma: ndege, mti, miba, mtama. Hakuelewa kitu, akadhani ni hadithi, akaenda kucheza. Na yule ndugu, mzee asiyejua hata kuandika jina lake, siku hiyo hiyo alifungua mbuzi aliokuwa amewatenga awapeleke mahali, akawarudisha zizini.

Tulikuwa wawili tunaojua kusoma na kuandika katika safari ile ya barua, mimi mwanzo na mtoto mwisho. Sote wawili tulikuwa bomba la maji tu.

Mpaka kesho sijui ndege alikuwa nani. Niliona si adabu kuuliza.

---

MwalimuWaFeri

@KaramuYaPosta hii nitaisoma darasani kesho, kwa ruhusa yako. Bila maswali ya ufahamu.

---

UstadhWaMajengo

Mwenye uzi, umetuahidi neno la pili. Ruhusa imepatikana?

---

MwanaKuze

Imepatikana nusu. Picha ya barua siweki, msiniombe. Neno nalileta.

Karibu na mwisho babu aandika juu ya mwanawe wa kiume, ami yangu, wakati huo kijana wa miaka kumi na mbili hivi. Asema: "na kijana mwambie", kisha neno moja. Lina alifu, sini, *fa*, wau, na kasra mwishoni. Laweza kusomwa *asivue*. Laweza kusomwa *asifue*.

Siku barua ilipofika, mtoto wa jirani aliyekuwa akisoma chuoni ndiye aliyeitwa kuisoma. Alisoma *asivue*. Basi ami akakatazwa kwenda kuvua samaki. Alikuwa akitoka chuoni hukimbilia ngalawa za watu. Nyanya akamchukua akampeleka kwa fundi wa kanzu ajifunze cherehani, na cherehani ndiyo iliyomlea yeye na wanawe mpaka leo, umri unakaribia themanini. Wenzake wa rika waliingia baharini, wengine wakawa manahodha.

Sasa shangazi, nilipofika hapo nikisoma, akasema: "Si kuvua. Ni kufua. Kufua nazi." Hoja yake ni kwamba mwezi ule ule kijana alikuwa akienda mashambani Likoni kufua nazi kwa ujira, akateleza, kifuo, kile kijiti chenye ncha cha kufulia nazi, kikamtoboa mkono. Babu alipata habari hiyo kwa jahazi jingine. Na asema: "Baba ni mtu wa bahari. Amkataze mwanawe bahari, amuachie nini?"

Kovu la kifuo ami analo, nimelijua tangu utotoni. Nilidhani ni la pasi ya makaa.

---

HoriLaTudor

Subhanallah.

Angalia kama babu anaitofautisha *v* pengine popote katika barua. Tafuta neno ambalo lazima liwe na *v*. Kama huko ameweka nukta tatu na hapa moja, basi ni *f*, na shangazi kashinda.

---

MwanaKuze

Nimetafuta. Kuna "vyombo vyote vimesalimika". *Fa* ya nukta moja, mara tatu mfululizo. Haisaidii.

---

DawaZaMtaa

Lakini upande wa pili pia una maana. Mtu wa bahari ndiye anayejua bahari inavyokula watoto. Naye yuko Lamu, hawezi kumchunga. Mimi ningekuwa yeye ningeandika asivue.

---

LesoMbili

Kama ni nazi angesema nazi. Na kama ni samaki angesema samaki. Hakusema kwa sababu mkewe alikuwa ajua wanazungumza nini. Tatizo ni kwamba aliyejua ni yeye, na aliyesoma ni mtoto wa jirani.

---

MwanaKuze

@LesoMbili hapo ndipo palinikaa. Nikamuuliza shangazi: kwani nyanya hakusema kitu siku ile? Akasema alikuwa jikoni. Barua ilisomewa ukumbini, yeye akaletewa habari kwa mdomo: "Baba asema asivue." Hakuisikia barua, alisikia jibu.

---

KaramuYaPosta

Na ami mwenyewe je? Ameambiwa?

---

MwanaKuze

Nilikwenda jana baada ya Alasiri. Sikutaka, shangazi ndiye aliyenituma, asema deni lisilolipwa humfuata mtu.

Nilimkuta barazani. Kila jioni huteremka mpaka Bandari ya Kale akatazame vyombo, lakini jana magoti yalimsumbua. Nikamueleza yote, bibi na pembe, akacheka, vugo ya harusi ile aikumbuka. Kisha nikamueleza lile neno. Nikampa barua.

Akavaa miwani yake ya kutungia uzi. Naye pia chuo alisoma. Akalitazama lile neno muda mrefu, akapitisha kidole chini yake toka kulia, polepole, mdomo wake wenda bila sauti. Nikaona kidole kile kimepita juu ya *fa* kikasimama, kikarudi, kikapita tena. Kovu lilikuwa pale pale mbele yangu.

Akavua miwani. Akasema, "Baba alisema nisivue."

Akaikunja barua kwa mikunjo yake ile ile ya zamani, akanirudishia, akaniuliza kama paa la shangazi limeshatengenezwa.